Turudishe nyama kuwa kitoweo

Hotuba hii niliitoa mbele ya wazazi, walimu na vijana. Wengi ambao hawakufika wameniomba niiweke yote, nami nimeiweka kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha, maana bila ukuta hazina kazi.

Wazee wetu, akina mama, akina baba, vijana wangu: hamjambo?

Ahsanteni. Nianze na mkono wangu huu wa kulia. Utazameni vizuri. Mkono huu umewahi kuingia tumboni mwa ng'ombe aliye hai, ukazama mpaka kwapani, na ng'ombe mwenyewe akaendelea kula kana kwamba hakuna lililotokea.

Nilikuwa mwanafunzi wa mifugo. Kwenye shamba la utafiti alikuwepo ng'ombe ambaye madaktari walimtoboa ubavuni, kidonda kikapona, tundu likavikwa kizibo cha mpira chenye upana wa sahani ndogo. Watafiti hufanya hivyo ili waone yanayoendelea ndani. Mwalimu akagawa glavu ndefu, akashika kizibo, akauliza, "Haya, nani wa kwanza?" Wenzangu wote wakarudi nyuma hatua moja. Mimi nilichelewa kurudi. Ndivyo nilivyochaguliwa.

Kizibo kilipong'oka, hewa ilitoka kwa kishindo kidogo, kama mtu anayepumua baada ya kubeba mzigo. Nikaingiza mkono. Ndani kuna joto, nyuzi 39 hivi. Juu majani yamelaliana kama godoro lililoloa, chini yake ni uji. Harufu yake ni ya nyasi zilizochachuka, wala haichukizi kama mnavyodhani. Halafu, wakati natafuta ujasiri wa kuutoa mkono bila kuonekana mwoga, ukuta mzima wa tumbo ukajikaza, ukaubana mkono wangu, kisha ukauachia polepole. Nilipiga ukelele. Mwalimu akasema, "Usiogope, anakoroga chungu chake."

Ile hewa ya mwanzo, ile iliyotoka kwa kishindo, ndiyo iliyonileta mbele yenu leo.

Ndugu zangu, ng'ombe hawezi kumeng'enya nyasi. Mnashangaa? Hawezi, kama wewe na mimi tusivyoweza. Wanaomeng'enya ni vijidudu vya tumboni mwake, mabilioni kwa mabilioni, ndani ya lile tumbo la kwanza linaloitwa rumeni. Kwa ng'ombe mkubwa rumeni hubeba lita 100 na zaidi. Ni pipa la kuchachushia lenye miguu minne. Vijidudu vinavunja nyasi, ng'ombe anapata lishe, na katika kazi hiyo inazaliwa haidrojeni. Kuna kundi jingine la vijidudu linaloichukua haidrojeni hiyo, likaichanganya na hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi, likatengeneza gesi iitwayo methani. Methani haimfai ng'ombe kwa lolote. Isipotoka, tumbo linamvimba mpaka anakufa. Kwa hiyo lazima itoke. Inatokea wapi?

Vijana mmecheka, na ninajua mnachokifikiria. Hapana. Karibu yote hutokea mbele, mdomoni na puani. Ni mbweu. Ng'ombe anacheua, anabeua, anacheua tena. Mmoja mkubwa kwa mwaka hutoa kati ya kilo 70 na 120 za methani. Na duniani wapo ng'ombe takriban bilioni moja na nusu, hujawahesabu nyati wa kufugwa, kondoo na mbuzi, ambao nao wanacheua. Mbweu kwa mbweu, usiku na mchana, sikukuu na siku za kazi.

Sasa, methani ni gesi ya namna gani? Kilo moja ya methani, ukiipima kwa miaka 100, inapasha dunia joto mara 28 hivi kuliko kilo moja ya hewa ukaa. Ukiipima kwa miaka 20 tu, ni zaidi ya mara 80. Karibu theluthi ya methani inayotokana na shughuli za binadamu hutoka kwa mifugo, matumboni mwao na kwenye samadi yao. Hiyo ndiyo habari mbaya.

Habari njema ni kwamba methani haidumu. Hukaa angani miaka 12 hivi, kisha inavunjika. Hewa ukaa iliyotoka kwenye injini za kwanza za makaa ya mawe, sehemu yake ingali juu ya vichwa vyetu hadi leo. Kwa hiyo mimi huwaambia watu hivi: hewa ukaa ni deni tunalomwachia mjukuu, methani ni deni letu sisi wenyewe, na linalipika tungali hai. Ukipunguza methani leo, hata mzee wa miaka 60 aliyekaa hapa mbele anaweza kuyaona matokeo. Ndiyo maana mwaka 2021, kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow, zaidi ya nchi 100 ziliahidi kwa pamoja kupunguza methani ya dunia kwa asilimia 30 ifikapo 2030. Ahadi imetolewa. Utekelezaji, nyote mnajua mambo ya ahadi.

Tuache tumbo, twende ardhini.

Fumbeni macho kidogo. Una ndoo 100 za nafaka mbele yako, chakula safi ambacho mtu angeweza kukila. Unamlisha ng'ombe wa nyama. Anakua, anachinjwa, unarudishiwa chakula. Ukihesabu kwa kalori, unarudishiwa ndoo ngapi? Nani anajaribu? Hamsini? Thelathini, mama pale nyuma? Ni ndoo tatu. Ndoo tatu! Tisini na saba zimekwenda kwenye joto la mwili, kutembea, kupumua, mifupa, ngozi, na zile mbweu. Ukimlisha kuku unarudishiwa kama ndoo 12. Kuku ana nafuu, lakini nani kati yenu angeweka fedha zake kwenye benki inayorudisha 12 kwa kila 100?

Mwaka 2018 watafiti wawili, Joseph Poore na Thomas Nemecek, walichapisha katika jarida la Science hesabu walizokusanya kutoka mashamba takriban 38,700 katika nchi 119. Walikuta kwamba nyama, samaki wa kufugwa, mayai na maziwa hutumia asilimia 83 hivi ya ardhi yote ya kilimo duniani. Kwa ardhi yote hiyo tunapata asilimia 18 ya kalori zetu na asilimia 37 ya protini. Nitarudia kwa waliokuwa wanaongea. Ardhi, asilimia 83. Kalori, asilimia 18.

Ardhi hiyo inatoka wapi? Msitu wa Amazon ukikatwa, mara nyingi zaidi unageuka malisho ya ng'ombe. Hilo ndilo jambo la kwanza linaloumaliza msitu ule. Na soya, ambayo watu huilaumu wakidhani inaliwa na wale wasiokula nyama? Zaidi ya robo tatu ya soya ya dunia ni chakula cha mifugo, hasa kuku na nguruwe. Wahenga walisema fahali wawili wapiganapo ziumiazo nyasi. Siku hizi nyasi zinaumia hata fahali wakiwa wamelala usingizi, na miti nayo.

Nina picha moja tu ningependa muondoke nayo kichwani. Chukua mzani mkubwa. Weka juu yake kila mnyama anayenyonyesha aliyeko duniani: binadamu, mifugo, na wanyama wa porini wote, tembo, nyangumi, swala, simba, popo, panya. Watafiti walifanya makadirio hayo, na yakachapishwa mwaka 2018. Kati ya kila kilo 100 za uzito huo, 36 ni sisi. Sitini ni mifugo yetu, hasa ng'ombe na nguruwe. Zinazobaki ni nne. Nne! Humo ndimo wamo tembo wote, nyangumi wote, na kila swala uliyewahi kumwona. Nilipoisoma hesabu hiyo mara ya kwanza nilidhani wamekosea kuchapa.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, huyu mzungumzaji amekuja kuwatukana wafugaji. Hasha. Mimi mwenyewe nimesomea mifugo, na ukweli lazima usemwe mzima. Sehemu kubwa ya wanachokula mifugo, kwa makadirio karibu asilimia 86, ni nyasi, mabua, makapi na mabaki ambayo binadamu hawezi kula. Zipo nyanda kavu ambazo huwezi kuotesha hata mche mmoja wa mahindi, na mfugaji mwenye ng'ombe wachache anazigeuza kuwa maziwa, samadi, akiba na ada ya shule. Huyo si mshtakiwa wetu. Tena nani anakula nyama hasa? Nchini Marekani ni zaidi ya kilo 100 kwa kila mtu kwa mwaka. India hawafiki kilo 10. Yupo mtoto ambaye kipande cha nyama au yai moja kwa wiki lingemwongezea damu na kumkuza, na mimi nikimwambia apunguze, mnifukuze jukwaani. Ninasema na wale ambao nyama iko mezani asubuhi, mchana na usiku. Ninasema na nafsi yangu pia, kama mtakavyosikia.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kwenye semina ya mazingira. Sitawataja waandaaji, walinipokea vizuri. Siku nzima tulizungumza habari za plastiki. Chupa za maji zilipigwa marufuku ukumbini, kila mtu akapewa bilauri. Msemaji mmoja akatuhimiza kununua chakula kilichozalishwa karibu, kwa sababu malori yanachafua hewa. Tukapiga makofi. Saa saba ikafika, tukapanga foleni. Nyama ya ng'ombe ya kukaanga, nyama ya ng'ombe ya mchuzi, nyama ya mbuzi, na pembeni kabisa, baada ya vijiko, bakuli moja la maharagwe lenye ukubwa wa bakuli la chumvi. Mnadhani nilifanya nini, mimi niliyewahi kuingiza mkono kwenye rumeni? Nilijaza sahani. Nikarudi mara ya pili. Jirani yangu mezani, binti wa miaka ishirini hivi, akaniangalia akasema kwa adabu zote, "Shikamoo mzee. Hivi hii nyama imekuja na lori au imetembea?"

Nilicheka, lakini chakula kilinikwama. Kwa sababu nilijua jibu. Katika uchafuzi wote unaotokana na kilo moja ya nyama ya ng'ombe, usafiri kwa kawaida haufiki hata asilimia moja. Asilimia moja! Lori karibu halihusiki. Kinachohusika ni tumbo na ardhi, vitu viwili ambavyo havikutajwa siku nzima.

Zile hesabu za Poore na Nemecek zinaonyesha wazi. Pima gramu 100 za protini. Ukizipata kwenye nyama ya ng'ombe wa kufugwa kwa ajili ya nyama, kwa wastani umetoa gesi sawa na kilo 50 za hewa ukaa. Ukizipata kwa kondoo au mbuzi, kilo 20. Nguruwe, kama 7 na nusu. Kuku, karibu 6. Mayai, 4 na kidogo. Njegere? Hazifiki hata nusu kilo. Kutoka 50 mpaka chini ya nusu. Hakuna badiliko jingine la jikoni linalokaribia pengo hilo, wala bilauri, wala mfuko wa kitambaa. Chukueni tahadhari na jibini tu. Wapo wanaoacha nyama wakahamia kwenye jibini wakijisifu, na jibini iko kwenye kilo 11, juu ya kuku. Inatoka kwa ng'ombe yule yule anayebeua.

Maji sitayazungumzia kwa urefu. Mtasikia kwamba kilo ya nyama ya ng'ombe inakula lita 15,000 za maji. Hesabu ipo, lakini sehemu kubwa ni mvua iliyonyeshea malisho, na ingenyesha hata kama ng'ombe asingekuwepo. Mtu akitaka kukushawishi kwa namba hiyo pekee, muulize ni maji gani. Hoja yetu ina nguvu ya kutosha bila kutia chumvi. Vivyo hivyo kwa mchango wa mifugo katika gesijoto zote, yaani gesi zinazopasha dunia joto. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, mwaka 2013 lilisema asilimia 14.5. Hesabu yao mpya ya 2023 ikatoa asilimia 12. Sawa, chukua ndogo. Je, 12 ni kidogo?

Kuna wanaosema, tusubiri wanasayansi. Na kweli wanafanya kazi. Upo mwani mwekundu wa baharini ambao ukichanganywa kidogo tu kwenye chakula cha ng'ombe, jaribio lililochapishwa mwaka 2021 lilionyesha methani ikishuka kwa zaidi ya asilimia 80. Inapendeza. Lakini ng'ombe wengi wa dunia hawali kwenye hori. Wako malishoni. Nani atawafuata kila siku na kijiko cha mwani? Denmark wao wamekubaliana kuanza kutoza kodi kwa gesi za mifugo kuanzia 2030. New Zealand walipanga jambo linalofanana, wafugaji wakapinga, likawekwa kando. Siasa za nyama ni ngumu kuliko nyama yenyewe.

Basi tufanye nini? Hapa ndipo nataka mnisikilize, maana watu wengi hukosea hapa. Hukosea kwa kuhubiri.

Mimi nimehubiri nyumbani kwangu. Nilirudi kutoka ile semina nikatangaza kwamba nyama basi. Siku ya nne mwanangu mdogo alikuwa anakula kwa jirani. Siku ya tisa mimi mwenyewe nilikutwa. Sitasema wapi.

Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, hawakuhubiri. Mwaka 2016 idara yao ya chakula iliondoa nyama ya ng'ombe na ya kondoo kwenye migahawa inayoisimamia, ikatia bidii kuwafundisha wapishi kupika vizuri vyakula vya mimea. Kuku wakabaki, samaki wakabaki. Baada ya miaka michache walitangaza kwamba gesi chafu kwa kila kilo ya chakula walichonunua zimeshuka kwa asilimia 33, na mauzo hayakuanguka. Katika utafiti mwingine hapo hapo, migahawa ambayo kati ya vyakula vinne kimoja tu hakikuwa na nyama iliongeza viwe viwili. Hapakuwa na bango wala mahubiri. Vyakula visivyo na nyama vikauzwa zaidi kwa kati ya asilimia 41 na 79. Watu hawakubadilishwa imani, ndugu zangu. Walibadilishiwa foleni. Na waliobadilika zaidi ni wale wale waliokuwa wala nyama wa kila siku.

Mji wa Ghent, Ubelgiji, tangu 2009 umeifanya Alhamisi kuwa siku ya kula mboga, mashuleni na maofisini. Siku moja tu katika saba. Aliyetaka nyama Alhamisi hakukamatwa na polisi.

Baada ya kushindwa kwa mahubiri, na nyumbani kwangu tulibadilisha foleni. Nyama ya ng'ombe ikawa ya siku moja kwa wiki. Siku nyingine mbili kuku au samaki. Zilizobaki ni maharagwe, dengu, kunde, njegere, karanga, mayai mara moja moja. Nikajifunza jambo ambalo walimu wangu wote wa mifugo hawakunifundisha: kunde zilizolowekwa usiku kucha, zikachemka zikaiva kweli, zikaungwa kwa kitunguu kilichoachwa mpaka kikawa cha kahawia, hazihitaji kuombewa radhi mezani. Mtu anayesema kunde hazina ladha, mara nyingi ni mtu aliyezipika kwa haraka.

Na tukagundua neno. Lugha yetu inalo neno kitoweo. Kitoweo ni nini? Ni kile unachotowelea, kinachosindikiza tonge ili lishuke. Kinasindikiza! Si msafara wenyewe. Sisi tumemchukua msindikizaji tukamkalisha kwenye kiti cha bwana harusi. Kipande kidogo cha nyama ndani ya sufuria ya dengu kinainukisha sufuria nzima, na kila mtu anaipata harufu yake. Kilo moja inakwenda wiki. Hujaacha nyama. Umeirudisha kwenye kazi yake ya zamani.

Nimeona mkono wa mzee pale. Mzee anauliza, "Mwanangu, na huyo ng'ombe wangu mmoja, nimuuze?" Hapana, baba. Kaa naye. Mpe majani mazuri, mpe chanjo, samadi yake irudi shambani. Ng'ombe mwenye afya anayetoa maziwa mengi ana mbweu chache kwa kila lita kuliko watano waliokonda. Na siku akizaa dume, mle, lakini msimle mzima kwa siku moja.

Nimemaliza. Waandaaji wananionyesha saa, na chakula kiko tayari pale nje. Nimewaomba leo wapange meza kwa namna yangu: sufuria za dengu na maharagwe ziko mwanzo wa foleni, nyama iko mwisho, kwenye bakuli dogo, baada ya vijiko. Ipo ya kutosha, msikimbie.